Kifaa cha Nchi za Baridi

King'ora cha injini kililia saa tano na robo asubuhi, mashua ikiwa katikati ya maji, na mtu wa kwanza kutazamwa hakuwa fundi. Alikuwa Kokusima.

Alikuwa ameketi mbele, miguu yake imelikumbatia pipa jeupe lisilozidi ukubwa wa debe, na macho yote yakamgeukia kana kwamba sauti ile ilitoka kinywani mwake.

"Haya," alisema Bwana Bihemo bila kupandisha sauti. "Wanao wamefika, Mama Kombe. Wapokee."

Watu wakacheka kile kicheko kisicho na furaha. Tangu walipokuwa gatini mjini Kokusima alikuwa amejifunza kunyamaza. Alimwamkia Bihemo shikamoo, kama mtoto yeyote aliyelelewa, na yule mzee akamtazama tu mpaka salamu ikaoza hewani. Watu wanane wa kisiwa cha Nabuhere waliisikia salamu ile ikikosa marahaba, na kila mmoja akajua auruhusu moyo wake kumchukia binti huyu kiasi gani.

Nahodha Nyangeta, mwanamke mpana wa makamo aliyejifunga kanga juu ya jaketi la kuelea, alipunguza mwendo. King'ora kikazidi kulia. Akazima. Harufu ya rangi iliyoungua ikapita juu ya vichwa vyao, kisha kimya, na maji yakaanza kupiga ubavu wa mashua taratibu kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kusikika.

"Fundi!"

"Nimesikia. Imechemsha." Manyama alikuwa tayari amevua kifuniko cha injini. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, na mdomo usiotulia. "Injini haina kosa, Nahodha. Injini ni nzima kama mimi. Wadudu wa Mamlaka ndio waliomo ndani."

"Unajuaje kabla hujafungua?" Kokusima aliuliza.

"Nimezika injini kumi na nane, dada. Ya kumi na tisa naijua kwa harufu."

Nahodha alikuwa akitazama upande wa kaskazini. Kule, mstari wa maji ulikuwa umebadilika rangi, kana kwamba mtu ametandika mkeka mbichi juu ya ziwa. Kila mtu alitazama. Nahodha alitupa ganda la muhogo majini, akalifuata kwa macho huku akihesabu kwa midomo.

"Upepo unatusukuma kwenye Kijani," alisema. "Tuna saa moja. Labda na dakika kumi. Nimeita mjini kwa redio. Boti la uokoaji linahitaji saa tatu."

"Vinyago vya hewa viko vingapi?" Kokusima aliuliza.

"Vitatu."

Walikuwa watu kumi.

*

Zamani ziwa lote lilikuwa Kijani. Mwani wenye sumu ulikuwa umeyafunika maji kutoka ghuba hadi ghuba, na mahali ulipooza uliachia hewa iliyokaba koo na kupofusha macho. Kokusima alikuwa mtoto wakati ule. Alichokikumbuka zaidi ni mama yake akikinusa kila kikombe cha maji kabla ya kumpa. Hata maji ya chupa, hata chai.

Kisha wakaja kombe. Mamlaka ya Ziwa iliwatengeneza maabara, viumbe vidogo vya magamba vyenye ukubwa wa punje ya mtama wakizaliwa na wa ukucha wakikomaa, ambavyo chakula chao ni mwani na sumu yake. Walimwagwa miaka sita iliyopita. Leo watu milioni tano walikunywa maji ya ziwa bila kunusa, na Kijani kilikuwa kimebaki ukanda mmoja tu, kule kaskazini, kombe wakiutafuna mwaka hadi mwaka.

Siku walipomwagwa, visiwa vilidai kiapo kiandikwe. Kombe wakija kuua watu, kisiwa chochote kina haki ya kudai wafutwe, na Mamlaka haitakataa. Na katika miezi kumi na tisa iliyopita, tangu kombe waenee hadi upande huu, injini kumi na nane za Nabuhere zilikuwa zimekwama katikati ya maji, na mbili kati ya hizo zikapeperushwa ndani ya Kijani. Walikufa watu kumi na wanne. Mmoja alikuwa mke wa Bihemo.

Ndiyo sababu pipa lilikuwa linapelekwa Nabuhere. Ndani mlikuwa na Kifuta. Tone moja humuua kombe, na kombe anayekufa nacho hutoa sumu ileile kumpa jirani yake, na jirani kumpa jirani, mpaka ziwa zima. Kufuli lilifunguka kwa njia moja tu, kidole gumba cha shahidi wa Mamlaka pamoja na sauti yake ikitamka kwenye kinasa kwamba ameona kwa macho yake, na kwamba kombe ndio chanzo cha vifo. Mashahidi wote wakubwa walipata udhuru. Wakamtuma Kokusima, mwenye mwaka mmoja tu tangu ahitimu, aliyeamini kwamba watu wakiambiwa ukweli kwa upole huupokea.

Sasa alikuwa amepiga magoti kando ya injini, na hakuna aliyetaka kumpa nafasi ya kuweka goti.

"Ilikuwa inakojoa?" aliuliza.

Manyama alimtupia jicho. Hakutegemea msomi alijue neno hilo, la ule mchirizi wa maji ambao injini hutoa pembeni kuonyesha kwamba maji ya kupoozea yanazunguka. "Kama mzee wa miaka tisini," alijibu. "Kwa matone, na kwa maumivu."

Mtu akacheka nyuma. Bihemo hakucheka.

Waliiinua injini, mguu wake ukatoka majini ukidondosha. Kokusima akapitisha vidole kwenye matundu ya kuingizia maji. Hapakuwa na magugu, wala kipande cha nailoni au nyavu. Manyama akafungua bolti tano, akaushusha mguu, akachomoa impela ya pampu, gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji, na kuipindapinda mbele ya uso wake. Mapezi sita, yote mazima, laini kama sikio la mbuzi.

"Pampu nzima," alisema kwa sauti ya kutosha kusikika mashua yote. "Sasa chungulia humu, msomi. Chungulia uwaambie wenzio unachokiona."

Akamshika shingo, si kwa ukali sana wala si kwa adabu, akauelekeza uso wake kwenye bomba la shaba linalopandisha maji juu. Kokusima akaelekeza tochi. Mwanga haukutokea upande wa pili. Bomba lilikuwa limejaa punje za kijivu zilizoshikamana, na zilipoguswa na mwanga zikajifunga zote kwa pamoja, kama macho ya watu waliolala.

"Kombe," alisema, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Ameona!" Manyama alipaza sauti. "Kwa macho yake mwenyewe!"

Mashua ikaripuka kwa kelele. Mwanamke mmoja mzee, Bi Nyamwiza, aliyekuwa hajasema neno tangu gatini, alianza kulia kwa hasira na kupiga benchi kwa kiganja. Bihemo akasimama.

"Basi imekwisha. Fungua pipa. Kijiko kimoja kwenye hilo bomba, tupate kupona. Na hicho kijiko kiende zake ziwani kifanye kazi kiliyokujia. Tunasubiri nini, kikao? Kikao kilishakaa. Kilikaa makaburini."

"Nipe dakika chache, mzee wangu."

"Usiniite mzee wako."

Kokusima alirudi kwenye injini kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Lakini kitu kilikuwa kinamkera, kama mfupa wa samaki uliokaa vibaya kooni. Chini kule, kwenye bomba, maji ni baridi na yanakwenda kasi. Kombe mchanga anaweza kushika pale, ila hawezi kuzaliwa pale. Wale walikuwa maelfu, wa umri mmoja. Walitoka juu. Kila injini inapozimwa, maji yaliyo ndani yake huteremka na kila kilichomo.

"Nifungulie juu," alisema. "Nyumba ya themostati."

"Ya nini? Humo hamna kitu."

"Hamna kitu kivipi?"

Manyama alisonya. Akazungusha spana namba kumi mara chache, akainua kifuniko kidogo cha chuma juu ya hedi, sehemu ya juu ya injini. "Ona mwenyewe. Themostati nilishaitoa siku injini ilipofika, ikiwa bado kwenye nailoni yake. Tunatoa zote. Baba yangu alitoa, mimi natoa. Hicho ni kifaa cha nchi za baridi, dada. Kule kwao injini zinaganda, lazima zipashwe. Hapa kwetu, na jua lote hili, unaivisha injini blanketi ya nini?"

Alisema hayo kama mtu anayemfundisha mtoto, hata na huruma kidogo. Kokusima hakumsikia mwisho wake. Ndani ya kile chumba kidogo, mahali ambapo themostati ingekuwa, kombe wakubwa walikuwa wametandazana kama ukoko chini ya sufuria. Joto la leo lilikuwa limewaua. Alipowagusa walichomoka kiganjani kama maharage yaliyoiva.

Akapiga hesabu kichwani.

Themostati hubana maji ndani ya injini mpaka yafike nyuzi sitini ndipo iyaachie. Kombe mchanga hufa kwenye hamsini na tano. Maabara walijaribu kwenye injini sita, zote kama zilivyotoka kiwandani, na zote zilibaki safi. Bila themostati, maji hupita mbio na injini hukaa kwenye nyuzi thelathini na nane usiku na mchana. Ni joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Fundi hufurahi, mwenye mashua hufurahi, na ndani ya hedi kombe huzaana kama waliotengewa wodi, mpaka siku watoto wao wanapoliziba bomba.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Hizo kumi na nane. Nani alizihudumia?"

"Nabuhere kuna fundi mwingine?"

"Na ulizitoa themostati zote?"

"Nimekwambia zote."

Kisha akamtazama Kokusima usoni, na akaona pale kitu ambacho mtu aliyeshika spana maisha yake yote anakitambua haraka kuliko msomi yeyote, uso wa mtu aliyegundua ubovu ulipo. Akayatazama magamba kiganjani mwake. Akautazama mguu wa injini, na lile bomba. Mdomo wake usiotulia ukatulia.

"Sivyo," alinong'ona.

"Walio juu wamekufa kwa joto. Unaona wanavyoachia? Wangekufa tangu wakiwa wadogo kama—"

"Nyamaza." Aliusogeza uso wake karibu mpaka Kokusima akasikia harufu ya tumbaku. "Kombe wamo humu au hawamo? Wamo. Umewaona. Basi sema kombe, hutakuwa umesema uongo. Fungua pipa lako, tuondoke hapa."

"Ziwa zima litarudi kuwa lile." Alionyesha Kijani kwa kidevu.

"Na ukisema hilo lingine, mimi je? Wale watu niliwabeba mimi. Mke wa Bihemo nilimbeba mimi, upande wa kichwa." Aliikaza spana mkononi. "Nisikilize vizuri, mtoto wa mjini. Ukinitaja, mashua hii haifiki na mimi ndani. Na kama mimi sifiki, nitahakikisha na wewe hufiki."

Kokusima alikuwa amemchukia tangu asubuhi. Angependa kuendelea kumchukia, ingekuwa rahisi. Lakini alikumbuka mwongozo wa mafundi uliosambazwa visiwani, ukurasa wa arobaini na moja, wenye sentensi moja aliyopewa aiandike alipokuwa bado mwanafunzi wa mafunzo kazini, akafurahi mpaka akaipiga picha na kumtumia mama yake: *Injini za mashua hazina hatari, kwani joto la ndani huua kombe wachanga.* Hakuwahi kumuuliza fundi yeyote injini zao zilikuwa na joto gani. Wala hakuna mwingine wa Mamlaka aliyewauliza.

"Chemsha maji," alisema.

"Nini?"

"Mna jiko la mkaa. Chemsha maji, tuyamimine kwa juu. Wataachia."

*

"Tunakufa, yeye anapika chai!" abiria mmoja alipaza sauti.

Sufuria ilikuwa juu ya jiko, mkaa ukipepewa kwa kipande cha boksi, na Kijani hakikuwa tena mkeka wa mbali. Kilikuwa shamba. Hewa ilishaanza kuwasha pua.

Bihemo alivuka benchi kwa hatua mbili. Alimkamata Kokusima kifundo cha mkono, akamvuta mpaka kwenye pipa, akakibana kidole gumba chake kwenye kufuli. Taa ndogo ikawaka njano, ikisubiri sauti.

"Sema."

"Hapana."

"Umeona au hukuona? Sema!"

"Kidole waweza hata kukikata, mzee," Kokusima alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka, na alichukia kwamba yalimtoka mbele yao. "Sauti hutaipata."

"Mke wangu hakupewa nafasi ya kuwa jeuri namna hii. Walimkuta ameshika kamba ya nanga. Unajua alikuwa anafanya nini na kamba ya nanga? Alikuwa anajifunga, ili mwili usipotee, nipate kuzika."

Hapakuwa na upole wowote alioujua Kokusima ambao ungelifikia jambo lile.

"Bihemo." Ilikuwa sauti ya Nahodha Nyangeta. "Mwachie."

"Wewe nawe?"

"Mashua ni yangu, shemeji. Marehemu alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Huyu binti ana dakika ishirini. Zikiisha nitamshikilia mimi mwenyewe, na sauti itatoka."

Maji yakachemka. Manyama aliyamimina bila kumtazama mtu, kikombe kwa kikombe, kupitia tundu la juu ambako themostati ingekaa. Kikombe cha kwanza hakikuleta kitu. Cha tatu kilirudi juu kikamuunguza vidole, akatukana kombe, Mamlaka, na siku aliyozaliwa. Walijaza sufuria nyingine. Kokusima alipepea mkaa mpaka vidole vikafa ganzi.

Kijani kikawafikia kabla sufuria ya tatu haijachemka. Maji kando ya mashua yalikuwa mazito kama mlenda, na kila mapovu yalipopasuka hewa ilikata koo. Nahodha akagawa vinyago: kwa Bi Nyamwiza, kwa msichana mwenye pumu aliyeketi karibu naye, na cha tatu akamtupia fundi.

Manyama alikishika, akakitazama, akampa Kokusima.

"Sikitaki," alisema kwa ukali, kana kwamba anamtukana. "Kinaziba macho. Siwezi kuona bolti."

Sufuria ikachemka, akamimina. Chini, kwenye mdomo wa bomba, kitu kikasukumwa. Kwanza matone, kisha uzi wa maji ya kijivu, kisha ghafla bomba likatapika. Magamba yalimwagika kwa mamia, yakilia kwenye mbao za mashua kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Kokusima akaelekeza tochi. Safari hii mwanga ulipita mpaka upande wa pili.

Manyama alirudisha impela, akapandisha mguu, akafunga bolti nne. Ya tano ilimponyoka vidole vilivyoungua ikazama. Macho yake yalikuwa mekundu, machozi yakimchirizika kwa hewa ile. "Jaribu!"

Nahodha akawasha. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikashika. Na pembeni yake ukatoka mchirizi wa maji, mnene, wenye afya, ukichora upinde mpaka mbali.

Hakuna aliyeshangilia. Mashua iligeuza kichwa na kutoka ndani ya Kijani, na watu walikohoa na kutema mate majini.

*

Ilipofika saa saba, kisiwa cha Nabuhere kilikuwa kimeonekana, na Bi Nyamwiza akavua kinyago.

"Maji ya moto," alisema. Hakuwa akisema na mtu. "Wamekufa kwa maji ya moto."

"Ndiyo, mama," Kokusima alijibu.

"Tuliambiwa hawafi ila kwa hicho." Alionyesha pipa. "Sasa mbona injini yenyewe ni moto? Wanakaaje mahali pa moto wadudu wanaokufa kwa moto?"

Swali lile lilikaa katikati ya mashua kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Manyama alikuwa ameinamia injini, mgongo wake kwao, akifuta mahali palipokwisha kuwa safi. Kokusima aliona spana kubwa mkononi mwake. Aliona pia kwamba mkono haukuwa umeikaza.

Angeweza kunyamaza. Bado kulikuwa na nusu saa ya kunyamaza. Pale gatini wangesubiri wajane, na mayatima, na kinasa kingemuuliza swali moja, na jibu lake lingewafurahisha wote waliopo. Kisha mama mmoja mahali fulani angeanza tena kunusa vikombe.

"Injini haina moto wa kutosha," alisema, akasimama. "Kuna kifaa ndani yake kinachotunza joto. Kikiwemo, kombe wanakufa wangali wadogo. Kikitolewa, wanazaa. Sisi wa Mamlaka tulijaribu kwenye injini zenye kifaa hicho tu. Mimi mwenyewe niliandika kwenye mwongozo kwamba hakuna hatari. Niliandika nikiwa nimekaa kwenye kiti, chumba kina kiyoyozi, na sikuja kuuliza. Kama ningekuja siku moja, nikauliza swali moja, ningeambiwa. Nisameheni. Hapana, msinisamehe. Nawaambia tu ilivyo."

Bihemo alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ambayo jibu lake haliogopi lakini halitaki.

"Kikitolewa," alisema. "Kikitolewa na nani?"

Kokusima aliitazama miguu yake.

"Nimekuuliza, Mama Kombe. Hukunyamaza kote huko, unyamaze hapa? Kikitolewa na nani?"

"Mimi nimesema langu, mzee."

Injini iliendelea kunguruma, mchirizi wake ukichora upinde uleule. Bihemo akageuza kichwa polepole. Wote wakageuza. Mgongo wa Manyama ulikuwa umeacha kusogea.

"Manyama."

"Naam."

"Ile ya mashua yetu, aliyofia mke wangu. Uliitoa?"

Nahodha Nyangeta alikuwa amekaza mikono yote miwili kwenye usukani na hakutazama nyuma. Bihemo alimsogelea fundi, aliyekuwa amegeuka na kuketi ukingoni, na mtu yeyote aliyekuwa katikati akapisha. Kati yao na maji palikuwa na ubao mmoja, wa kimo cha goti.

Kokusima hakufikiri. Kama angefikiri angeogopa. Alikichukua kinasa kutoka ubavuni mwa pipa, akapita chini ya mkono wa Bihemo, akaketi kwenye ubao ule kando ya fundi, bega kwa bega, mahali ambapo wa kumsukuma mmoja angelazimika kuwasukuma wawili. Akakiwasha. Taa ikawa njano.

"Shahidi ni Kokusima wa Mamlaka ya Ziwa," alisema, na sauti yake ilipanda na kushuka kama ya mtoto anayesoma darasani. "Nimeona kwa macho yangu. Chanzo cha vifo si kombe peke yao. Wa kwanza kukosea ni mimi, ukurasa wa arobaini na moja."

Kisha akakiweka kinasa kwenye goti la Manyama. Pipa lilitoa mlio mfupi, kufuli likajikaza; halingefunguka kwa ushahidi ule.

Fundi alikitazama kile kitu. Bihemo alisimama juu yao, kivuli chake kikiwafunika wote wawili, ngumi zake zimejaa. Alipumua kwa pua. Hakuwapiga. Hakuondoka.

"Manyama mwana wa Musiba," fundi akaanza. "Fundi wa Nabuhere. Nilitoa themostati ya *Tumaini la Bwiro*. Nilitoa ya *Subira*, mwezi uleule. Nilitoa ya *Hasidi Hana Sababu*, na ya *Mama Nyafuru*, na ile ya shule." Hakuwa na karatasi. Fundi huzijua injini alizozishika kama mkunga anavyowajua watoto, na alizitaja moja baada ya moja, kwa mashua yake na mwezi wake, na kwa kila jina kulikuwa na mtu kwenye benchi aliyefumba macho. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Akamtazama Bihemo.

Hakuna aliyemsaidia.

"Na ya *Neema ya Pili*, mashua yenu," alisema. "Nilitoa mimi. Nilimwambia mkeo ni kifaa cha nchi za baridi. Alicheka. Alinipa samaki wawili, akanishukuru."

Mkono wa Bihemo ulishuka juu ya bega la fundi, mzito, na Kokusima akajikaza akisubiri kutupwa majini. Mkono ule haukusukuma. Ulikamata tu, ukalikamata shati mpaka kitambaa kikalia, ukabaki pale.

"Rudia," alisema Bihemo.

"Mzee—"

"Jina la mashua. Lirudie. Kwa sauti, wanaotusubiri gatini wasikie."

Nahodha akapunguza mwendo. Gati lilikuwa karibu kiasi cha kuona nyuso. Manyama alijifuta macho kwa mgongo wa mkono ulioungua, akainua kichwa, akarudia.